Hatia ya Mwisho Mwema

Jumapili ya tarehe 19 Agosti 1928, gazeti la Sunday Express la London lilichapisha makala ya mhariri wake, James Douglas, dhidi ya riwaya iliyokuwa na wiki tatu tu madukani. Douglas alidai kuwa ni heri ampe kijana mwenye afya kichupa cha sumu kuliko kumpa kitabu hicho, kwa sababu sumu huua mwili, ilhali kitabu cha namna hiyo huua roho. Riwaya aliyoilaani ni The Well of Loneliness ya Radclyffe Hall. Mhusika wake mkuu ni Stephen Gordon, binti wa nyumba tajiri ya mashambani aliyepewa jina la kiume na wazazi waliotarajia mtoto wa kiume. Stephen anakua akijijua kuwa anapenda wanawake. Katika Vita Vikuu vya Kwanza anakuwa dereva wa magari ya wagonjwa huko Ufaransa, na hapo anampenda Mary Llewellyn.

Msomaji anayekifungua kitabu hicho leo, akitafuta kilichomtisha Douglas, atasoma kurasa nyingi bila kukiona. Hakuna onyesho la ngono. Usiku wa kwanza wa wapenzi hao wawili umefunikwa kwa sentensi moja fupi, ambayo bibi yeyote wa pwani angeweza kuisoma mbele ya wajukuu bila kulazimika kueleza neno. Kinachofuata ni sura baada ya sura za huzuni, sala na aibu. Mwishoni Stephen anamhadaa Mary aamini kuwa amemsaliti, ili Mary aende kwa mwanamume anayeweza kumpa ndoa na heshima.

Basi hasira ile ilitoka wapi? Swali hili ni la zamani kuliko kesi ya 1928, na bado liko hai, kwa sababu kila riwaya inayosimulia mapenzi ya watu wa jinsia moja inapozua kelele, watetezi na wapinzani huelekea chumbani. Hubishana kama kitanda kilifunikwa vya kutosha. Historia ya vitabu hivyo inaonyesha kuwa mara nyingi ugomvi haukuwa chumbani hata kidogo. Ulikuwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Sheria iliyotumika dhidi ya Hall ilikuwa ile ya maandishi machafu ya mwaka 1857, ikifasiriwa kwa kipimo kilichowekwa na Jaji Mkuu Cockburn mwaka 1868. Kwa kipimo hicho, andiko ni chafu iwapo lina mwelekeo wa kuwapotosha wale ambao akili zao ziko wazi kupokea upotofu. Athari ya kipimo hiki ilikuwa kubwa kuliko urefu wake. Mahakama haikumuuliza msomaji aliyekisoma kitabu. Ilimbuni msomaji wake yenyewe: kijana, msichana, mtumishi wa ndani, mtu dhaifu ambaye hawezi kusoma jambo bila kulitenda. Msomaji huyo wa kubuni hakuwahi kuitwa kizimbani, lakini ndiye aliyeamua kesi.

Mchapishaji, Jonathan Cape, alijaribu kuizima hasira kwa kumpelekea kitabu Waziri wa Mambo ya Ndani, William Joynson-Hicks, atoe maoni. Waziri alikikataa. Cape akatangaza kuwa ameacha kukichapa, huku kimyakimya akihamishia uchapaji Paris, kwa kampuni ya Pegasus Press. Nakala ziliporudi London zikakamatwa, na tarehe 9 Novemba 1928 shauri likafunguliwa katika mahakama ya Bow Street mbele ya hakimu Sir Chartres Biron. Upande wa utetezi ulikuwa umekusanya mashahidi wapatao 40, wakiwamo waandishi, madaktari na watu wa dini. Virginia Woolf na E. M. Forster walikuwapo ukumbini, tayari kusema. Biron alikataa kuwasikiliza, kwa hoja kwamba uchafu wa kitabu si jambo la maoni ya wataalamu.

Wiki moja baadaye alitoa hukumu, na ndani yake mna ufunguo wa kadhia yote. Biron alikubali kwamba kitabu kinaweza kuzungumzia jambo hilo bila kuwa kichafu, na hata kikawa na mafunzo. Kosa la Hall, kwa maelezo ya hakimu, ni kwamba katika riwaya nzima hapakuwa na neno lililoonyesha kuwa watu wa namna hiyo wanastahili lawama. Stephen aliteseka, ndiyo, lakini mwandishi aliuelekeza mkono wa lawama kwa jamii iliyomtesa. Nakala zikaamriwa ziharibiwe, na rufaa iliyosikilizwa Desemba ikashindwa.

Mwaka huohuo mmoja unatoa ushahidi wa pili. Compton Mackenzie alichapisha Extraordinary Women, riwaya ya dhihaka kuhusu kundi la wanawake wapendanao katika kisiwa kimoja cha Mediterania. Haikushtakiwa. Tarehe 11 Oktoba Woolf alitoa Orlando, kitabu alichokiandika kwa kumpenda Vita Sackville-West, ambamo shujaa anaishi karne kadhaa na katikati ya safari anageuka kutoka mwanamume kuwa mwanamke. Nacho hakikuguswa. Msomaji wa Kiingereza wa 1928 aliweza kuwacheka wapenzi wa namna hiyo, na aliweza kuwaota kama katika hekaya. Alichokatazwa ni kuwahurumia kwa uzito.

Hata hivyo, wasomaji wa kweli walikuwa wakisoma. Hall alipokea barua nyingi mno, na sehemu yake imehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Walioandika walikuwa watu wa hali mbalimbali, na wengi walimshukuru kwa kuwapa sura ya jambo walilodhani liko kwao peke yao. Nchini Marekani mahakama ya New York ilikiondolea kitabu hatia mwezi Aprili 1929. Uingereza ilingoja hadi 1949, Hall akiwa amefariki miaka 6 kabla, ndipo kikachapwa tena bila mtu kushtakiwa.

Ni kosa, hata hivyo, kuwagawa wasomaji wa zama zile katika mafungu mawili safi, la wenye huruma na la wenye chuki. Forster, aliyeandika pamoja na Woolf barua ya kulitetea kitabu hilo gazetini, alikuwa mwenyewe mpenzi wa wanaume. Lakini Woolf aliandika katika shajara yake kwamba Forster alimwambia mapenzi ya wanawake kwa wanawake yanamchukiza, kwa sehemu kwa sababu ya mazoea, na kwa sehemu kwa sababu hakupenda wanawake wajitegemee bila wanaume. Mtu anaweza kuitetea haki ya kitabu kusomwa na bado tumbo lake likakataa kilichomo. Machukizo hayafuati hoja, wala hayatoki mahali yanapotarajiwa.

Forster alikuwa na siri nyingine iliyomhusu zaidi. Katika mtoto wa meza yake palikuwa na muswada wa riwaya aliyoiandika kati ya 1913 na 1914, iitwayo Maurice. Inamhusu kijana wa tabaka la kati, Maurice Hall, anayempenda kwanza msomi mwenzake wa Cambridge, Clive Durham. Clive anamwacha na kuoa. Baadaye Maurice anakutana na Alec Scudder, mtunza wanyama wa mawindo katika shamba la Clive, na hao wawili wanaamua kuishi pamoja, mmoja akiacha kazi na heshima ya mjini, mwingine akiiacha meli iliyokuwa imchukue kwenda Argentina. Kitabu kinaishia hapo: hakuna anayekufa, hakuna anayetubu.

Muswada huo ulizunguka kwa marafiki wachache kwa miaka zaidi ya 50. Wasomaji hao wa faragha walikuwa wepesi wa fikra kuliko umma, na wengine walikuwa wenyewe wapenzi wa jinsia moja. Hata hivyo walishikwa na mwisho uleule. Lytton Strachey alimwandikia Forster mwaka 1915 kwamba, kwa makadirio yake, uhusiano wa Maurice na Alec usingedumu. Alilipinga penzi hilo kama mhakiki anayelipinga jambo lisiloaminika, na sehemu ya shaka yake ilikuwa tofauti ya tabaka: bwana na mtumishi wataongea nini baada ya mwezi? Christopher Isherwood, aliyeusoma miaka ya 1930, aliupokea kwa mapenzi makubwa na akamhimiza mwandishi auchapishe.

Katika maelezo aliyoyaongeza mwaka 1960, Forster alieleza kwa nini hakukubali. Mwisho mwema, alisema, ulikuwa sharti. Bila huo asingejisumbua kuandika. Aliona kwamba kama kijana wake angeishia kwenye kitanzi, au wapenzi wangejiua pamoja, kitabu kingepita bila taabu. Kwa kuwa waliondoka salama bila adhabu, mwandishi angehesabiwa kuwa anaupigia debe uhalifu. Forster alikuwa ameielewa sheria kuliko mawakili wengi. Kamati ya Wolfenden ilipendekeza mwaka 1957 kwamba mahusiano ya faragha kati ya wanaume watu wazima yasiwe kosa, na Bunge lilipitisha sheria hiyo kwa Uingereza na Wales mwaka 1967. Forster alifariki Juni 1970. Maurice ilitoka mwaka 1971, na wahakiki wengi wakaiona dhaifu, hasa kwa mwisho wake waliouita ndoto. Adhabu ilikuwa imetoka mahakamani. Sasa ilikaa katika ladha.

Huko Marekani adhabu hiyo ilikuwa imegeuzwa kuwa kanuni ya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vitabu vya jalada jepesi viliuzwa kwa senti 25 katika vituo vya mabasi na maduka ya dawa, na vilisafirishwa kwa posta. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1873 ilikataza kutuma maandishi machafu kwa posta, hivyo kitabu kimoja kikikataliwa kiliweza kuuzuia mzigo mzima. Marijane Meaker alipotaka kuandika kuhusu wanafunzi wawili wa kike wanaopendana, mhariri wake, Dick Carroll wa Gold Medal, alimruhusu kwa sharti moja: mwisho usiwe wa furaha. Katika Spring Fire, iliyotoka mwaka 1952 kwa jina la Vin Packer, msichana mmoja anarukwa na akili na mwingine anatambua kwamba hakuwahi kumpenda. Jalada liliruhusiwa kuahidi yote. Ukurasa wa mwisho ndio uliopaswa kulipa deni. Kitabu kiliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja, na Meaker akapokea barua kwa marundo kutoka kwa wanawake waliojifunza kuusoma mwili wa hadithi na kuuacha mkia.

Mwaka huohuo wa 1952, Patricia Highsmith alichapisha The Price of Salt kwa jina la Claire Morgan. Therese, muuza duka, na Carol, mama anayeachana na mumewe, wanapitia hasara kubwa: Carol anamkosa binti yake kwa sababu ya penzi hilo. Lakini mwisho unawaacha na tumaini la kuishi pamoja. Toleo la jalada jepesi la mwaka 1953 lilisambaa sana, na Highsmith alieleza baadaye kwamba barua zilimjia kwa mafungu, mara kadhaa kwa wiki. Wanaume kwa wanawake walishukuru jambo moja: kwamba kwa mara ya kwanza waliwasoma watu kama wao wakifika mwisho bila kujiua wala kugeuzwa. Mwandishi mwenyewe hakuweka jina lake halisi kwenye kitabu hicho hadi toleo la mwaka 1990.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko katika kesi ya gazeti dogo la Los Angeles liitwalo ONE. Toleo lake la Oktoba 1954 lilizuiwa na posta, na mojawapo ya sababu ilikuwa hadithi fupi ya mapenzi ya wanawake wawili. Katika hadithi hiyo kitendo hakivuki kugusana. Mahakama ya rufaa, mwaka 1957, iliiita chafu, ikitaja kwamba msichana anaiacha nafasi ya ndoa ya kawaida na kuchagua kuishi na mwanamke mwenzake. Majaji walikuwa wameusoma mwisho na kuuhukumu kwa jina la uchafu. Januari 1958 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha uamuzi huo bila hata kusikiliza hoja za mdomo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, historia hii isingekuwa zaidi ya habari za ughaibuni kama Uingereza isingeacha sheria zake Afrika Mashariki. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni urithi wa utawala wa kikoloni. Kifungu cha 162 kina adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14. Uingereza ilipoilegeza sheria yake mwaka 1967, Kenya ilikuwa na miaka 4 ya uhuru na vifungu hivyo vilibaki mahali pake. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta.

Katika mazingira hayohayo ya kisheria, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, ilishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni mti ambao Waswahili wanauita mzambarau. Hadithi ni barua: Anyango anamwandikia Sanyu, rafiki yake wa utotoni, anayerudi kutoka London alikopelekwa baada ya jirani kuwafuma wawili hao usiku chini ya mti huo. Kinachosimuliwa kwa urefu ni mtaa, midomo ya majirani, akina mama, na miaka ya kungoja. Mwisho umeachwa wazi: Sanyu anarudi.

Kutokana na hadithi hiyo, Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu Rafiki, iliyoonyeshwa Cannes mwezi Mei 2018, ikiwa ya kwanza ya Kenya kuingia katika tamasha hilo. Jina lilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa wapenzi wa namna hiyo nchini humo hulazimika kutambulishana kwa neno hilo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa zaidi. Anajua kwamba neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, sasa limekuwa tusi linalotupiwa wanaume barabarani. Lugha yenyewe imelipitia suala hili kwa mlango wa urafiki, na mlango huo haufungiki vizuri.

Bodi ya kuainisha filamu nchini Kenya iliipiga marufuku Rafiki mwezi Aprili 2018, ikidai kwamba ilikusudia kuhamasisha mapenzi ya wanawake kinyume cha sheria. Filamu haina onyesho la ngono la kutisha. Msichana anamshika mwenzake, anambusu, na kamera inaondoka. Kahiu alieleza kwamba alichoombwa kilikuwa kubadili mwisho, kwa sababu ulionekana kuwa na matumaini mno, na mhusika mkuu hakuonyesha majuto ya kutosha. Alikataa. Mwezi Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kati ya chumba cha Biron na ofisi ile ya Nairobi ilipita miaka 90, lakini ombi lilikuwa lilelile: waonyeshwe wakijuta.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba utamaduni wa pwani una neno lake kwa jambo hili, nalo ni sitara. Mtu hakatazwi kujua, anakatazwa kufunua. Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau hajui jinsi jamii ndogo zinavyolinda amani yake. Lakini sitara haielezi marufuku hizi. Hall alisitiri kwa sentensi moja. Hadithi ya ONE ilisitiri kila kitu. Rafiki ilisitiri. Kama kufunika kungetosha, vitabu hivi vingepita.

Wapo pia watakaosema kwamba wakaguzi walikuwa wajinga wa fasihi. Hilo nalo si kweli. Walisoma vizuri kuliko watetezi wengi. Walitambua kwamba hadithi hufundisha kwa pale inapomfikisha mtu, na kwamba wapenzi wanaofika salama ni hoja, hata kama hawakuvua koti. Anayeamini kwa dhati kwamba penzi hilo ni dhambi ana sababu ya kuupinga mwisho huo, na upinzani wake ni wa heshima zaidi akisema hivyo waziwazi kuliko akijificha nyuma ya shuka.

Wasomaji waliowahi kuupigania mwisho mwema nao wameupa masharti yao. Katika miaka ya 1970 wanawake wengi waliokuwa katika harakati za ukombozi waliigeuka The Well of Loneliness, wakimlaumu Hall kwa majonzi yake na kwa Stephen anayemtoa Mary kama sadaka. Malalamiko hayo yanaeleweka, ila yanafanana na ya Biron kwa jambo moja: yote mawili yalimtaka mwandishi aandike mwisho unaomfaa msomaji fulani. Kwa zaidi ya miongo 5 Forster aliushikilia mwisho mwema wa kitabu chake, kwa sababu aliuona kuwa wa kweli kwa watu wake wawili. Hall aliandika huzuni kwa sababu hiyohiyo. Mwandishi wa Kiswahili atakayeisimulia hadithi kama hii katika lugha yake atakutana na wasomaji wa aina zote hizi siku ya kwanza, na swali watakalomuuliza tayari linajulikana: mwishoni ilikuwaje?